Mwenye Chaneli

Derek Ogden hakuwa na gari wala leseni ya kuendesha. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na sahani ya setilaiti ukutani, na simu yake ilikuwa ile ya waya iliyofungwa kwenye ukuta wa jikoni. Meno ya juu hakuwa nayo, ila yale aliyoyavua kila usiku na kuyalaza katika kikombe. Hakuwa na cheti cha shule, maana aliiacha shule Ijumaa akiwa na miaka kumi na mitano, na Jumatatu yake alikuwa juu ya paa. Hakuwa na cheo mbele ya jina lake wala herufi za kisomo nyuma yake. Hakujaliwa mtoto. Kwenye halmashauri ya mji wa Ellenroyd hakuwa na kiti, kwenye kamati ya klabu hakuwa na kiti, na katika miaka hamsini na mmoja ya ndoa yake hakuwahi kuwa na neno la mwisho nyumbani kwake.

Alichokuwa nacho ni madaftari saba ya majalada mekundu.

Kwa miaka arobaini na minne Derek alikuwa fundi wa antena. Ellenroyd umejibana bondeni kati ya vilima vya Yorkshire, na mawimbi ya mlingoti wa televisheni wa Emley Moor huwapita watu wa chini juu ya vichwa vyao kama ndege wahamao. Kwa hiyo fundi wa antena alikuwa mtu wa lazima, kama daktari. Siku moja, Derek angali kijana, bibi mmoja alimshikia ngazi na kumwuliza, "Picha ikiniharibikia tena nimlalamikie nani? Hii chaneli ni ya nani?" Derek akajibu kwa kujiamini kwamba ni ya serikali. Yule bibi alicheka hata ngazi ikatikisika, maana ilikuwa ile ya matangazo ya biashara. Derek alishuka masikio yakimwaka. Majira hayohayo ya baridi alijiandikisha masomo ya jioni, na kabla ya kununua kitabu cha sarufi alinunua daftari.

Kila chaneli aliipa ukurasa wake. Jina la chaneli, jina la mwenyewe, jina la mwenye huyo mwenyewe, na tarehe ya kununuliwa. Ikiuzwa, aliweka rula, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya jina la zamani na kuandika jipya chini yake. Mwanzo kurasa zilikuwa tatu. Sasa zilikuwa mamia. Derek alijua kwamba iko chaneli yenye jina la mwanamume, Dave, kama jirani tu wa mtaa wa pili, inayoonyesha matangazo ya biashara kutwa, na mama yake mzazi ni BBC, ambayo yenyewe haimwonyeshi Mwingereza tangazo hata moja. Alijua kwamba Sky ni ya Wamarekani na Chaneli ya Tano ni ya Wamarekani wengine. Hakuna aliyemwuliza. Lakini aliyewahi kuchekwa ngazini hasubiri kuulizwa ndipo asome.

Mkewe Noreen hakuwa na haja na madaftari hayo. Surua ilimwachia uziwi akiwa na miaka minne, na shuleni kwao walimu walipiga marufuku lugha ya alama. Watoto waliamriwa wakalie mikono yao, wasome midomo. Miaka kumi na miwili Noreen aliikalia mikono yake. Alipotoka, aliapa kwamba haitatulia tena, na hadi sasa, akiwa na miaka sabini na mitatu, mikono yake ilikuwa mikali kuliko ndimi nyingi za bondeni pale. Derek alijifunza lugha hiyo akimchumbia. Kosa lake la kwanza lilikuwa kumwambia mama mkwe kwamba ana sura ya viazi, na Noreen hakumruhusu kulisahau.

Noreen alikuwa na kipindi kimoja tu alichokihesabu kuwa chake. Kiliitwa Kwa Mikono, nusu saa kila Jumamosi adhuhuri, kwenye Moorside, chaneli ndogo ya mabonde yale, na kilirekodiwa papo hapo mjini katika ghala la zamani la sufu. Mtangazaji wake, Gwenda, binti wa mwuza nyama na kiziwi kama Noreen, alieleza kwa alama nani amefariki, nani ameoa, barabara gani imefungwa, kisha akamaliza kwa mzaha ambao wenye masikio hawakuuelewa. Noreen alikuwa akivaa hereni kwa ajili ya nusu saa hiyo.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Septemba, Gwenda alipomaliza, maandishi meupe yalipita chini ya kioo. Yalisema kipindi kitakoma mwisho wa mwezi, na watazamaji wataendelea kufurahia maandishi ya chini ya picha katika vipindi vyote.

Noreen alivua hereni moja, kisha ya pili. "Umesoma?"

"Nimesoma," Derek alijibu kwa mikono.

"Nitafurahia maandishi. Wao wakae mezani wale, mimi nisimame nje nisome orodha ya vyakula dirishani." Akaizima televisheni. "Hii chaneli ni ya nani?"

Miaka yote hiyo lilikuwa swali ambalo mkewe hakuwahi kumwuliza. Derek akaenda kabatini, akatoa daftari la saba.

*

Habari ilizagaa, na mji ukachukia, hata wenye masikio. Diwani Trevor Lumb alianzisha waraka wa malalamiko, na saini zilikuwa zikikusanywa kwenye duka la samaki, kwa kinyozi na mlangoni mwa kanisa. Alhamisi iliyofuata alikusudia kuuonyesha klabuni, baada ya chemshabongo.

Chemshabongo ya Klabu ya Wafanyakazi ya Ellenroyd haijakosekana Alhamisi hata moja, ila wakati wa ugonjwa ule mkubwa. Vikundi vya watu wanne, maswali thelathini, pai na njegere za kupondwa katikati, na mshindi huondoka na sinia la nyama. Muulizaji alikuwa Diwani Lumb, mwaka wa kumi na sita huu. Juu ya ubao wa vishale palikuwa na kibao cha rangi alichokipaka yeye mwenyewe: NENO LA MUULIZAJI NI LA MWISHO.

Derek alikaa na Noreen, na rafiki yao Clive Sugden aliyekuwa dereva wa basi, na dada yake Clive. Noreen ndiye aliyeshika kalamu kwa sababu ya mwandiko wake. Derek alimtafsiria kila neno lililosemwa ukumbini, maana masharubu ya diwani yalifunika mdomo wa juu wote na haukusomeka.

"Swali la kumi na nane," alisema Lumb. "Chaneli ya Nne ni mali ya nani?"

Noreen aliandika kabla Derek hajamaliza kutafsiri. Naye alikuwa ameishi na madaftari yale.

Majibu yaliposomwa, Lumb alisema, "Kumi na nane. Kampuni binafsi."

Derek alisimama. Magoti yalilia. "Samahani, Diwani. Chaneli ya Nne ni ya umma. Imekuwa ya umma tangu siku ya kwanza, mwaka themanini na mbili."

"Ina matangazo ya biashara, Derek."

"Basi la mjini nalo lina tangazo la sabuni ubavuni. Ni la mwenye sabuni?"

Ukumbi ulicheka. Clive, aliyeliendesha basi hilo miaka ishirini, alicheka kuliko wote. Lumb hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea kibao bila kugeuka, na ukumbi mzima, kama ilivyo desturi, ukaitikia kwa sauti moja, "Neno la muulizaji ni la mwisho."

Walishindwa kwa pointi moja. Sinia la nyama likaenda kwa watu wa mtaa wa juu.

"Kijana, kaa chini," Clive alimwambia, ingawa Derek alimzidi miaka mitatu. "Ni soseji tu zile."

Lakini Lumb alikuwa ameshaweka boksi la karatasi juu ya meza ya mbele. "Mabibi na mabwana. Saini mia sita na kumi na mbili. Kesho zinakwenda kwa wakubwa wa Larkfield, wenye Moorside, makao makuu, mkononi mwa mkurugenzi wao. Tuone kama watathubutu."

Watu walipiga makofi. Derek alikuwa bado amesimama.

"Diwani, Larkfield si wenye chaneli."

Makofi yalikatika vipande vipande.

"Waliiuza," Derek akaendelea. "Mwaka jana. Walioinunua ni Brackwell. Larkfield waliacha jina lao tu, litumike mpaka mkataba wake uishe. Ukiwapelekea wao ni sawa na kumlalamikia aliyehama."

"Nimepita pale ghalani leo asubuhi na mbwa wangu," Lumb alisema taratibu. "Mlangoni pameandikwa Larkfield. Herufi za shaba."

"Na mlangoni kwako pameandikwa Nyumba ya Mawaridi, Trevor. Hakuna hata mwiba."

Kicheko kingine. Hapo ndipo Derek alipokosea, na alilijua kosa lake papo hapo. Mtu anaweza kusahihishwa mbele ya watu mara moja kwa usiku. Mara ya pili hageuki tena, hata ukimwonyesha shimo lililo mbele yake.

Lumb alipandwa na wekundu kuanzia kwenye kola. "Vizuri," alisema. "Anayeamini kwamba fundi antena anajua kuliko halmashauri nzima, na ainue mkono."

Derek hakuwahi kumficha mkewe neno lililosemwa mbele yake, hata likiwa la kumdhalilisha yeye mwenyewe. Alimtafsiria hilo nalo, lote, bila kulipunguza. Noreen akaweka kalamu chini na kuinua mikono yote miwili.

Hakuna mwingine aliyeinua.

"Nisamehe, kijana," Clive alinong'ona akitazama bia yake. "Diwani ndiye mwenye funguo za uwanja wetu wa kuviringisha tufe."

*

Waraka ulikwenda kwa Larkfield. Derek akaenda maktaba.

Mkutubi, Shazia Mahmood, alikuwa amemzoea. Baba yake alisokota sufu katika kiwanda cha mwisho cha Ellenroyd, na Derek ndiye aliyewafungia antena yao ya kwanza. Shazia alimvutia kiti mbele ya kompyuta.

"Leo tunamfuata nani, Bwana Ogden?"

"Moorside. Nataka leseni yenyewe. Na jina la mwenyewe, lililoandikwa na serikali, siyo na mchonga shaba."

Daftari la serikali la makampuni liko wazi kwa kila mtu Uingereza, tajiri na fukara, ila ni wachache wanaojisumbua kulifungua. Shazia aligonga, akasubiri, akagonga tena. Larkfield alikuwa ameondoka kweli, tarehe ileile iliyokuwa katika daftari jekundu. Derek alitaka kutabasamu. Ndipo Shazia akasema, "Lakini na huyu Brackwell naye ameuza. Mwezi wa tano. Wenyewe sasa ni watu wanaoitwa Tolland."

Derek alisogeza miwani. Alisoma mara mbili. Jina la Brackwell alilokuwa amelisimamia klabuni, mbele ya watu themanini, lilikuwa jina la mtu aliyehama, kama la Lumb tu. Alimzidi diwani hatua moja, na chaneli ilikuwa imewazidi wote wawili. Masikio yakamwaka kama siku ile ya ngazi.

"Kuna nini, Bwana Ogden?"

"Nina rula mfukoni," alisema. "Ngoja niitumie."

Akapiga mstari wake mwembamba palepale, akaandika Tolland chini yake. Kisha wakaitafuta leseni. Ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na katika ukurasa wa kumi na saba walikuta kifungu cha tisa: mwenye leseni atatoa kila wiki nusu saa ya kipindi cha lugha ya alama, kinachotengenezwa ndani ya eneo la leseni. Haikusemwa akipenda, ilisemwa atatoa. Ndiyo maana, kwenye kompyuta, chini ya leseni hiyo, palikuwa na tangazo la mamlaka ya utangazaji huko London: mwenye leseni ameomba kifungu cha tisa kifutwe, na mwananchi yeyote mwenye la kusema aandike, akitaja namba ya leseni, na barua ifike kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa ya wiki ijayo.

"Kwa hiyo hawajaruhusiwa bado," alisema Shazia.

"Hawajaruhusiwa. Wametangaza tu, ili tukate tamaa mapema."

Shazia alimchapia kurasa tatu. Derek alizikunja ndani ya koti, upande wa moyo, akapanda kilima kwenda nyumbani bila kupumzika kwenye benchi lake la kawaida.

Noreen alipopata habari ya Tolland alicheka mpaka akajishika kwenye sinki. "Saba," alisema alipoipata mikono yake. "Madaftari saba, na bado umechelewa."

"Nimechelewa miezi minne. Trevor amechelewa karibu miaka miwili."

"Mkimaliza kupimana niambie. Mimi nina barua."

Walikaa mezani na chungu cha chai. Derek aliandika rasimu ya kwanza kwa Kiingereza chake bora cha shule ya jioni, akamgeuzia. Ilianza kwa heshima na taadhima, na kuendelea kwa kuomba kwa unyenyekevu mkubwa.

Noreen aliichana mara moja, kwa urefu.

"Nani anaomba?" aliuliza. "Gwenda akisimama pale Jumamosi, wananipa sadaka? Kifungu cha tisa ni sadaka?"

"Ni adabu tu. Barua ina adabu zake."

"Nilikaa na adabu miaka kumi na miwili. Nilikaa juu yake, hivi." Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, kwenye kiti cha jikoni, akamtazama mumewe akiwa ameduwaa kama mtoto wa darasani. Derek hakuwahi kumwona akifanya hivyo. Mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa amezimwa, kama taa. Derek alivumilia kwa muda wa pumzi tatu, kisha akamshika viwiko, akaitoa mikono yake, akailaza mezani kati ya vikombe.

"Sema," alimwambia. "Nitaandika utakachosema, hivyo hivyo."

Noreen akasema, Derek akaandika. Ilichukua siku nne, maana kila jioni alibadilisha neno. Mahali pamoja tu Derek alisimama na kalamu hewani kwa furaha ya fundi anayeona kazi ya fundi mwingine. Noreen alisema hivi: hapa Yorkshire mtu akinunua shamba lenye njia ya umma, hununua na njia yake. Anaweza kubadilisha kondoo, ua na rangi ya lango, lakini watu watapita, na buti zao, na mbwa wao, kama walivyopita babu zao. Aliyenunua Moorside alikuta njia yetu ndani yake. Hatumwombi atupishe, tunapita.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, kengele ya mlango ilibonyezwa saa nane mchana, na taa ya jikoni ikawaka na kuzimika, kama ilivyofungwa kwa ajili ya Noreen. Alikuwa Diwani Lumb, na boksi mikononi. Mvua ilikuwa imemlowesha mabega, lakini boksi alilikuwa amelifunika kwa kofia yake.

"Wamelirudisha," alisema.

Derek alisoma karatasi iliyobandikwa juu. Ilikuwa na mstari mmoja: kampuni haikuwa na uhusiano tena na Moorside.

"Ingia, Trevor. Utapata mafua."

Lumb aliingia, akakaa pale alipoonyeshwa, akaona barua, akaona madaftari. Noreen alimmiminia chai bila kumwuliza kama anataka, maana huko hata adui aliyeingia mlangoni hunyweshwa chai. Kisha akasema jambo kwa mikono.

"Anasemaje?"

"Anasema ukitaka kuongea naye nyoa masharubu."

Lumb aliyagusa. "Mwambie nimemsikia." Alinywa funda mbili. "Na ile ya Chaneli ya Nne. Niliitazama nyumbani."

"Ehe?"

"Ni ya umma."

"Na pointi?"

"Pointi siwezi kurudisha, Derek. Kibao ni kibao."

Derek alikuwa amejiwekea maneno kwa saa ya namna hii. Alikuwa ameyatunga juu ya kilima, akayapiga msasa, nayo yalikuwa mazuri. Badala yake alifungua daftari la saba, akamsogezea. Lumb aliona jina la Larkfield limekatwa, na chini yake Brackwell limekatwa, na chini yake jina jipya, na wino wake ulikuwa wa juzi.

"Kwa hiyo hata wewe," alisema Lumb.

"Hata mimi. Nilipiga kelele klabu nzima, na sikujua."

Waliliinamia jina lile jipya, wazee wawili waliokuwa wameshindwa na chaneli moja kwa siku mbalimbali. Kisha Lumb akafunua boksi. "Mia sita na kumi na mbili. Tuziambatanishe na barua yenu. Ila kila karatasi ina kichwa, Kwa Larkfield. Nina kalamu nyeusi hapa, tukikata hilo jina tu..."

"Hapana," alisema Derek. "Mtu akishatia saini, huendi nyuma yake ukabadilisha alichokisaini. Wataitupa yote, na wana haki."

"Basi ni karatasi za kuwashia moto."

Noreen aligonga meza kwa kiganja. Alikuwa amefuata mikono ya mumewe, hakupitwa na kitu. "Mwambie aandike ukurasa wa juu," alisema. "Aandike kwamba alikosea."

Derek alitafsiri. Lumb aliweka kikombe chini polepole.

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako," Noreen alisema, na Derek alifuata mikono yake neno kwa neno. "Andika kwamba mji mzima uliandika kwa mtu asiye mwenye chaneli, na aliyeuongoza ni wewe. Andika na sababu. Chaneli imeuzwa mara mbili na hakuna aliyetuambia. Wameliacha jina la zamani mlangoni. Kesho watasema watazamaji wameulizwa. Wameulizwaje, kama diwani wao hajui anayeuliza ni nani? Kosa lako ni ushahidi wetu, Trevor. Ni zuri kuliko saini zote. Usilifiche."

Miaka kumi na sita neno la Lumb lilikuwa la mwisho, na kibao alikipaka kwa mkono wake. Mchana ule aliombwa na mwanamke asiyesikia, jikoni kwake, akiteremshe kibao hicho mbele ya London na mbele ya watu wake, maana barua za namna ile hutangazwa kwa wote, kila mtu asome. Nyumba njema si mlango, walisema wa kale, na yeye alikuwa ameusoma mlango tu, na mbwa wake pembeni.

"Uchaguzi ni mwezi wa tano," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

"Najua," alisema Derek.

"Watanitania hadi kaburini."

"Hilo nalo najua. Mimi nimetaniwa tangu ngazini, na bado ninakula vizuri."

Lumb alinyoosha mkono. "Nipe kalamu. Siyo hiyo ya kuvuja."

Aliandika ukurasa mmoja na robo. Hakuwaonyesha mpaka alipotia saini, na alipotia saini aliandika na cheo chake chote, kirefu. Noreen alisoma, akairudisha kwa Derek, akamwonyesha sentensi ya katikati kwa ukucha: Mimi ndimi niliyekuwa nimekosea, na nilikosea kwa sababu wenye chaneli waliridhika nikosee. Akamtazama diwani, akaweka ncha za vidole kidevuni, akazileta mbele: asante.

"Hiyo," alisema Lumb, "hata mimi naielewa." Akawa ameinamia kofia yake, akiikung'uta maji ambayo yalikwishakauka.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi. Gari la posta huondoka saa kumi na nusu.

Waliteremka watatu, Lumb na boksi, Derek na madaftari yake kwapani ingawa hakuna aliyeyahitaji, Noreen mbele na bahasha kubwa, na hereni zake masikioni ingawa haikuwa Jumamosi. Kwenye duka la samaki watu waliwaona, wakatoka mlangoni. Clive alikuwa mmoja wao, na pakiti ya viazi mkononi.

"Mnakwenda wapi na huyo?" alimwuliza Derek, akimtupia diwani kidevu.

"Posta. Utakuja, au bado unaogopea funguo zako za tufe?"

Clive alimtazama Lumb, akatazama viazi vyake. "Nakuja," alisema. "Hivi vimeshapoa tu."

Posta ya Ellenroyd iko nyuma ya duka la magazeti, dirisha moja, na nyuma ya kioo alikuwa Pauline, ambaye huwaita wote wapenzi wake, maaskofu na walevi. Noreen hakumpa bahasha mara moja. Aliweka barua yake kwanza, akaweka ukurasa wa diwani juu yake, na chini yake karatasi za saini mia sita na kumi na mbili, zenye jina lililokosewa, ambalo halikukatwa. Aliulamba mdomo wa bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaukunja, akaupigilia kwa ngumi mara tatu hata mizani ya Pauline ikaruka.

"Ifike kesho mchana," alisema Derek. "Na mtu atie saini kuipokea."

"Itafika, mpenzi." Pauline aliuliza lile swali wanaloulizwa wote katika kila posta ya nchi ile. "Ndani kuna kitu cha thamani?"

Derek aligeuka akamtafsiria mkewe. Noreen alijibu kwa neno moja, kwa mikono yote miwili, kubwa, hadi kiwiko chake kikamgusa diwani kifuani.

"Anasema kipo," alisema Derek.

Pauline akagonga muhuri, akaitupa ndani ya gunia la kijivu, na dereva aliyekuwa akisubiri mlangoni akalifunga kamba, akalibeba akaondoka nalo.